Utumishi wa Askari na Uzito wa Adhabu

Afisa au askari anapofikishwa mahakamani, mtetezi wake mara nyingi huanza kwa kuhesabu miaka aliyolitumikia taifa. Hutaja mipaka aliyoilinda, vita alivyopigana na nishani aliyovishwa, kisha huomba adhabu ipunguzwe. Ombi hilo si la kubezwa. Askari wa Burundi walianza kwenda Somalia Desemba 2007, na wengi wao hawakurudi. Mtu aliyekubali kufa kwa ajili ya wengine ana haki ya kusikilizwa. Lakini kusikilizwa ni jambo moja, na kupunguziwa adhabu ni jingine.

Wakazi wa Rumonge na wa mwambao wote wa Ziwa Tanganyika hadi Nyanza-Lac wanalielewa jambo hili kuliko wengi. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia sehemu hizo, wakaua watu wasio na hatia, wengi wao Watutsi. Jeshi lililopelekwa kurejesha amani nalo likaua, mwambaoni na nchini kote. Makadirio ya Wahutu waliouawa huanzia laki moja. Maelfu walikimbilia Tanzania, na hakuna afisa aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Hapo utumishi haukupunguza adhabu, uliifuta.

Miaka 30 baadaye, Septemba 2002, askari waliwaua raia zaidi ya 170 huko Itaba, mkoani Gitega. Maafisa wawili walishtakiwa. Februari 2003 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani kwa kutofuata amri, wala si kwa mauaji, ikawapa kifungo cha miezi minne. Muda huo walikuwa wamekwisha kuumaliza rumande, basi wakaachiliwa. Mwizi wa baiskeli hufungwa zaidi ya hapo.

Mwelekeo ulibadilika kidogo katika kesi ya Muyinga. Raia waliozuiliwa katika kambi ya jeshi mwaka 2006 waliuawa na miili yao ikatupwa katika mto Ruvubu. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi iliwatia askari hatiani. Na Desemba 2023 Mahakama ya Juu ilimhukumu Jenerali Alain-Guillaume Bunyoni kifungo cha maisha. Kuwa mkuu wa polisi, Waziri wa Usalama na hatimaye Waziri Mkuu hakukumwepusha.

Uzito wa sare huonekana hata katika makosa madogo kuliko hayo. Mwenye gari la mawese, akitoka Rumonge kwenda Bujumbura usiku, hawezi kusimama kwa kupungiwa mkono na mtu asiyemjua. Akimwona askari, husimama. Iwapo askari huyo atamnyang'anya, ni sare iliyomwezesha. Vipi tena sare hiyo imwombee huruma?

Jeraha la vita ni shauri jingine. Askari aliyerudi kutoka Mogadishu, ambaye bado hushtuka usingizini akipiga kelele, akimjeruhi jirani katika ugomvi wa kilabuni, jaji hana budi kujua hali yake. Hiyo si fadhila kwa ajili ya utumishi, ni ugonjwa. Cheti cha daktari kiwekwe mezani kabla ya hukumu kutolewa, kama ambavyo kingewekwa cha mvuvi wa Rumonge aliyepatwa na maradhi hayo hayo.