Mzee Mmoja wa Baraza



Leo tumefungua Injili ya Luka, sura ya 23, kuanzia mstari wa 50. Hapo twakutana na Yusufu wa Arimathaya, mtu mwema na mwenye haki. Naye alikuwa mzee wa lile baraza lililompeleka Bwana kwa Pilato. Lakini Luka aongeza neno dogo ambalo sisi, kwa haraka ya kufika kaburini, mara nyingi twalipita: Yusufu hakukubaliana na wenzake.

Kama tungalikuwa Yerusalemu siku ile, tungalisema nini juu yake? Bila shaka tungalisema, "Ni wale wale, baraza ni moja." Kumbe huyo ndiye aliyemwendea Pilato kuuomba mwili, akaushusha, akauzika. Petro hatumsikii hapo.

Sisi Wakenya twaijua sana lugha hii ya "wale wale". Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilitosha mtu kuitwa wa ODM au wa PNU. Hakuna aliyemwuliza alimpigia nani kura, wala kama alipiga. Jina la baba yake lilitosha kumpa chama. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilitiwa moto na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani, wengi wao akina mama na watoto. Na sisi wachungaji hatukuwa safi. Mwezi wa Februari mwaka huo Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande.

Basi tazameni yaliyofuata. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta, aliyekuwa upande wa PNU, na William Ruto, aliyekuwa wa ODM, waligombea pamoja wakashinda. Mwaka 2022 Kenyatta akamwunga mkono Raila Odinga dhidi ya Ruto yule yule. Wakubwa walihama na kuhamia, wakapeana mikono. Lakini wako majirani waliochomewa nyumba ambao hawakurudi kamwe.

Hatusemi kwamba Mkristo asiwe na chama, wala kwamba chama kisikemewe. Tendo ovu tulitaje, na aliyelitenda aitwe ajibu. Lakini yule mama apigaye magoti kando yetu kwenye Meza ya Bwana, ambaye juzi tulimwona amejifunga leso ya chama tusichokipenda, je, tumewahi kumwuliza ni jambo gani lililompeleka huko? Huenda ni bei ya mahindi tu.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyelazwa katika kaburi na mzee wa baraza, utusamehe kwa ajili ya majirani tuliowahukumu bila kuwauliza. Uwakumbuke wale ambao hawajarudi makwao. Amina.