Padre Kenneth Hunt, Mchezaji na Mwalimu

Katika sikukuu hii twataka kusema neno juu ya mpira. Wako wazee wanaosema kwamba mpira huwapotosha vijana, na wako vijana wasemao kwamba pasipo mpira hawana furaha. Na tuyatazame maisha ya mtu aliyeupenda sana mchezo huo, wala asiwe mtumwa wake.

Kenneth Hunt alizaliwa Oxford, Uingereza, mwaka 1884, mwana wa kasisi. Alicheza katika timu ya Wolverhampton Wanderers, wala hakupokea mshahara, ingawa wenzake wengi walilipwa. Tarehe 25 Aprili 1908 timu hiyo, iliyokuwa ya daraja la pili, iliwania Kombe la Uingereza na Newcastle United, waliokuwa mabingwa wa ligi mwaka 1907. Hunt ndiye aliyefunga bao la kwanza, na timu yake ikashinda kwa mabao 3 kwa 1. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo alikuwamo katika timu ya Uingereza iliyowashinda watu wa Denmark 2 kwa 0, ikapata nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 1909 aliwekewa mikono. Hata mwaka 1911, hali ni kasisi, alichaguliwa kuichezea Uingereza ilipopambana na Wales, na tena na Scotland.

Basi sikilizeni. Zamani hizo mechi zilichezwa huko hata siku ya Ijumaa Kuu na siku ya Kuzaliwa kwa Bwana, kwa kuwa watu wa kazi walikuwa na nafasi ya kuja kutazama. Padre Hunt alikataa kucheza siku hizo mbili. Siku nyingine alicheza kwa nguvu zake zote.

Tena, sifa hizo hazikumwondoa darasani. Tangu mwaka 1908 hata 1945 alifundisha katika shule ya Highgate, London, miaka 37, akafariki mwaka 1949.

Kwa hiyo twawaomba ninyi wazee, msiwanyime vijana mpira. Na ninyi walimu, wafundisheni kucheza kwa bidii na kwa haki, na kuuacha mpira mara kengele ipigwapo.