KUTOKA BARAZANI HADI NYUMBANI
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Eldoret



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi ya kusema machache kabla mkutano haujapiga kura. Hoja iliyo mbele yenu ni fupi: je, sehemu ya mfuko wetu wa maafa itumiwe kuwapatia watu wasio na makao chumba cha kukaa, au mfuko ubaki kama ulivyo, kwa mazishi na magonjwa tu? Wako wanachama wanaoiunga mkono hoja hii, na wako wazee wanaoiona kuwa ya hatari. Mimi naiunga mkono, na yanipasa nieleze sababu zangu.

Kwanza tuangalie mji wenyewe. Posta ilipofunguliwa hapa mwaka 1910, palikuwa ni shamba nambari 64, na ndiyo asili ya jina Sisibo ambalo wazee wetu walilitumia. Reli ilipofika mwaka 1924 kazi zikaongezeka, lakini Mwafrika aliyekuja kuzifanya alihesabiwa kuwa mpita njia. Ilidhaniwa kwamba kwao ni rizavu, na ya kuwa mjini alihitaji kitanda tu. Kwa hiyo katika miji ya Kenya vyumba vilijengwa kwa ajili ya wanaume wasio na wake wala watoto. Ilikuwa mwaka 1954 ndipo Kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilipotamka kwamba mfanyakazi apate ujira wa kumwezesha kukaa mjini pamoja na jamaa yake.

Katika miaka hiyo vyama vya kusaidiana, kama vile Luo Union na vyama vya Waluhya, vilijitwika mzigo ambao hapakuwa na mwingine wa kuubeba. Vilimpokea mgeni, vilimzika aliyekufa mbali na kwao, na aliyekwama mjini vilimtafutia nauli ya kurudi. Mwenda kwao si mtumwa, na dawa ya asiye na pa kulala ilikuwa ni kumrudisha kwao. Chama chetu ni mtoto wa desturi hiyo, nasi twaiheshimu.

Lakini, Bwana Mwenyekiti, dawa hiyo yamfaa mwenye kwao. Wengi wa wanaolala leo kwenye baraza za maduka yetu na kando ya mto Sosiani hawana kwao pa kurudi. Wako waliozaliwa mjini humu humu. Wako ambao shamba la baba liliuzwa kabla hawajapata akili ya kuuliza. Tena wako wajane waliofukuzwa na shemeji zao, na watoto waliokimbia kipigo. Ukimpa mtu wa namna hiyo nauli, utamwona tena mjini kabla ya mwezi kwisha.

Kuna pia jeraha letu sisi wenyewe, ambalo nalitaja kwa uchungu. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa walichomwa moto humo ndani. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 waliouawa nchini kote walizidi 1,100, na wapatao laki sita waliacha nyumba zao. Uwanja wetu wa maonyesho ya kilimo ukageuka kambi ya mahema, na maelfu wakapata hifadhi katika ua wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, alikowapokea Askofu Cornelius Korir, aliyefariki mwaka 2017.

Mwezi wa Mei 2008 Serikali ilianza Operesheni Rudi Nyumbani. Kila jamaa iliahidiwa Shs. 10,000/- za kuanzia maisha, na waliochomewa nyumba Shs. 25,000/-. Mambo mawili tuliyoyaona wakati ule yanahusu hoja ya leo. La kwanza, mwenye shamba alijulikana pa kurudishwa, bali mpangaji wa chumba cha mjini alikuwa shida kumhesabu na shida kumsaidia, kwa kuwa hakuwa na ardhi ya kuonyesha. La pili, fedha peke yake hazikumrudisha mtu. Askofu Korir na wenzake waliwakalisha wazee wa pande zote mbili, kikao baada ya kikao, kisha wakawapa kazi za kufanya pamoja, kama barabara na majosho ya ng'ombe. Aliyerudi akiwa amepatana na jirani alikaa, na aliyerudi kwenye mabati mapya katikati ya watu waliomchukia hakupata usingizi.

Sasa nakuja kwa watu wa barazani. Hesabu ya jamaa za mitaani iliyofanywa nchini mwaka 2018 ilipata watu 46,639, na zaidi ya 2,000 kati yao walikuwa katika Uasin Gishu. Vijana wao huishi makundi makundi, kila kundi lina kambi yake, kiongozi wake na sheria zake. Mdogo huambiwa avute gundi ili asisikie njaa wala baridi, nanyi mwajua baridi ya mji huu mwezi wa Julai.

Mara nyingine watu hawa wamekusanywa usiku na kutupwa mbali. Mwezi wa Februari 2019 jamaa za mitaani kutoka Nakuru walikutwa wameachwa karibu na msitu wa Chemasusu katika Baringo. Mtu hawi na makao kwa kuhamishwa kutoka baraza moja hadi msitu. Tena Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata makao ya kufaa.

Wengine watauliza: Je, Serikali haijengi nyumba? Yajenga. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Lakini nyumba hizo zataka mtu mwenye mapato ya kuonyesha na akiba ya kutanguliza. Kwa mtu wa barazani hiyo ni ngazi isiyo na vipandio vya chini. Hivyo vipandio vya chini ndivyo chama kama chetu kiwezavyo kuvitengeneza, na Kamati yapendekeza vinne.

Cha kwanza ni kumjua mtu. Asiandikwe yeyote kabla mwanachama mmoja na mzee mmoja hawajaketi naye na kujua alitoka wapi na kwa nini. Akiwa mtoto, hatumpangishii chumba. Ni lazima afikishwe kwa afisa wa watoto kama sheria itakavyo, na ikiwa kwao pana usalama, apatanishwe na jamaa zake.

Cha pili ni kitambulisho. Aliyetimiza miaka 18 bila cheti cha kuzaliwa hapati kitambulisho kwa urahisi, na asiye nacho hawezi kuandikisha laini ya simu kwa jina lake, wala kutumiwa fedha, wala kuaminiwa na mwenye nyumba. Hapa wazee wetu wana uwezo kuliko mfuko wetu, maana mzee anayejulikana aweza kusimama mbele ya chifu akasema: huyu namjua, na baba yake nilimjua.

Cha tatu ni chumba chenyewe. Anayetafuta chumba huko Langas, Huruma au Munyaka aweza kudaiwa kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mwingine juu yake. Apataye kibarua cha siku aweza kulipa kodi kidogo kidogo, lakini ile ya mara mbili kwa pamoja haipati kamwe. Chama kilipe amana na kodi ya mwanzo mkononi mwa mwenye nyumba, kwa stakabadhi, kisha kipunguze msaada mwezi hata mwezi mpaka mpangaji asimame mwenyewe. Amana ikirudishwa, iingie mfukoni impeleke mwingine.

Cha nne ni kumtembelea. Mtu aliyelala nje miaka mingi hushtuka akifungiwa peke yake, hukumbuka wenzake wa kambini, na pengine hurudi kwao. Mwanachama mmoja amwendee kila juma, amjulishe kwa majirani, na amwelekeze kwenye kazi au hospitali.

Najua pingamizi la wazee wangu. Wasema: Kwanza aache gundi na pombe, ndipo apewe chumba. Neno hili lina busara ya malezi, na zamani nchi nyingi zilifanya hivyo. Lakini mjini New York, kuanzia mwaka 1992, mwanasaikolojia Sam Tsemberis na wenzake walitanguliza nyumba, na matibabu yakafuata. Finland ilichukua njia hiyo kuwa mpango wa taifa mwaka 2008, na idadi ya watu waliokaa muda mrefu bila makao ikapungua sana. Sisi si Finland, wala hatuna hazina yao. Hata hivyo jambo lenyewe laeleweka hapa pia: ni vigumu kumwambia mtu aache kinachompa usingizi hali analala juu ya saruji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mfuko huu ulichangwa kwa ajili ya mazishi, na mwenye kuchanga ana haki ya kujua kwamba siku yake ikifika hatazikwa kwa aibu. Hilo ni kweli, na kwa sababu hiyo hoja yasema sehemu, wala haisemi mfuko wote. Kamati itaweka kiasi cha mazishi kisichoguswa, na hesabu zitasomwa mbele yenu kila mwaka. Lakini nawaomba wazee wangu mfikiri pamoja nami. Kijana akifa barazani, sisi hukutana jioni ile ile, tukachanga, tukanunua jeneza, tukakodi gari. Fedha hizo tunazipata bila kubishana. Kijana huyo huyo angalikuja mwezi uliotangulia kuomba amana ya chumba, tungalimwambia kwamba katiba ya chama hairuhusu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mkiikubali hoja, Kamati itaanza na watu wachache inaoweza kuwafuata hadi mwisho. Mkiikataa, tutaendelea kugawa mablanketi wakati wa baridi kama tulivyozoea, na watakaoyapokea mwaka ujao watakuwa wale wale, isipokuwa tutakaokuwa tumewazika.

Bwana Mwenyekiti, naitoa hoja mikononi mwa mkutano.