Gugu Ndani ya Mkate



Mkulima wa ngano kule Njoro akiona majani mwitu shambani mwake, huyang'oa. Wala hakosei. Lakini tujiulize: ngano hii ya chapati zetu ilitoka wapi? Wataalamu wametuonyesha ya kuwa maelfu ya miaka iliyopita, karibu na Bahari ya Kaspi, ngano ya kale ilichanganyika na jani mwitu, ndipo ikapatikana ngano ya mkate. Kumbe mkate wetu una gugu ndani yake!

Katika miaka ya 1930, huko Urusi, mtaalamu Nikolai Tsitsin alichanganya ngano na nyasi mwitu. Mimea mingi ya kwanza ilikuwa tasa, na mingine ikatoa punje ndogo. Lakini kulikuwa na ajabu moja. Ngano ya kawaida ikivunwa, hufa. Hii ilikatwa, nayo ikachipuka tena kutoka mizizini. Tena nyasi za jamii hiyo zimeipa ngano kinga dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa ambao wakulima wetu wanaujua vizuri tangu aina ya Ug99 ilipoonekana Uganda mwaka 1998, kisha ikaingia kwetu.

Hapa tunakiri kosa letu. Kijana mmoja aliyetoka kifungoni alikuja katika parishi tuliyoitumikia, akaomba kuimba katika kwaya. Sisi wa baraza tukasema, "Kwanza tumwone." Tulimtazama mwezi mmoja. Alichelewa mazoezi mara mbili, tukamkataa. Hakurudi tena. Tulipokwenda kumtafuta, tuliambiwa amehama.

Mtaalamu yule angaliihukumu mimea yake kwa msimu mmoja, angaliitupa yote. Sisi tulimtupa mtu.

Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 11, anatukumbusha kwamba sisi watu wa mataifa tulikuwa matawi ya mzeituni mwitu, tukapandikizwa kwa neema. Basi aliye mwitu amkatae nani?

Ndugu, wiki hii yuko mtu anayesimama mlangoni pa kanisa lenu. Msimpime kwa msimu mmoja.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetupokea tulipokuwa tasa, utupe saburi kwa wenzetu. Na yule tuliyemfukuza, umlinde popote alipo. Amina.