Maneno ya Kamati Kuhusu Kompyuta ya Shule



Kompyuta yetu kuukuu, inayotunza majina ya watahiniwa, ilikuwa ikiwashwa inaonyesha tarehe ya miaka mingi nyuma, kisha inakwama. Wengine walisema itupwe. Vijana wetu walichomoa waya wa umeme, wakaifungua, wakapangusa vumbi. Betri ndogo ya ndani, CR2032 ya volti 3, ilikuwa imekwisha. Betri hiyo ikiisha, kompyuta ya zamani husahau hata diski yake, ingawa yaliyoandikwa humo hayafutiki. Tuliweka betri mpya, tukapanga upya tarehe na diski. Ikawaka, majina yote yamo.

Tunaomba jambo moja: karatasi na wino, orodha ichapwe. Mtoto asikose mtihani kwa sababu ya betri.