Kompyuta Iifuate Nanga: Kurekodi na Kuremiksi Muziki wa Bukoba na Muleba



Mwezi Septemba 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome". Mtu yeyote aliyekulia mkoani Kagera aliutambua wimbo ule mara moja, maana ulitokana na "Maria Salome" wa Saida Karoli, binti wa Bukoba, uliovuma nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vijana wengi mliomo humu mliona pale kile ambacho remiksi inaweza kufanya: wimbo wenye ladha ya ngoma za Kihaya ukapewa mapigo mapya na ukavuka mipaka. Tangu hapo kila studio ya mtaani, kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba, ina kijana anayetafuta "Salome" yake.

Nawaunga mkono. Ila "Maria Salome" ulikuwa wimbo uliokwisha kurekodiwa, na waliourudia waliuimba upya juu ya biti yao. Nanga ni kazi nyingine kabisa, na ndiyo iliyonileta mbele yenu. Mnaifahamu: gogo la mti lililochongwa kama kihori, uzi mmoja ukapitishwa kwenda na kurudi mpaka zikapatikana nyuzi saba au nane. Juu ya nyuzi hizo ziliimbwa tendi za Rukiza na Kachwenyanja, ambazo Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizifanyia utafiti wa miaka mingi. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika na mitambo yake ya kurekodi mwaka 1950 alirekodi pia muziki wa Wahaya, na kanda zake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoiasisi, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Kwa hiyo nanga imeshapita kwenye mashine kabla yetu. Ila mashine ya Tracey ilisikiliza tu, haikujaribu kumrekebisha mpigaji.

Programu zetu hurekebisha. Prodyuza anafungua FL Studio, anaweka mapigo 110 kwa dakika, kisha anamwambia mzee mpiga nanga: "Babu, fuata hiyo tiki-tiki." Mzee hawezi kuifuata, na hana sababu ya kuifuata. Hadithi ikipamba moto anakimbia. Shujaa akianza kunena, anapunguza mwendo mpaka anakaribia kuongea. Kijana anaona hayo ni makosa. Anaikata rekodi vipande vipande na kuvibandika kimoja kimoja kwenye mistari ya programu. Mapigo yananyooka, lakini utendi umekufa, kwa sababu mbio zile na ule utulivu vilikuwa sehemu ya masimulizi.

Dawa ipo, nayo haina gharama kubwa. Mwacheni mzee apige apendavyo. Akishamaliza, sikiliza rekodi huku ukigonga kitufe kwenye kila pigo, ukiiamuru programu ijenge ramani ya mwendo kutokana na mapigo hayo. Reaper inafanya kazi hiyo vizuri, na unaweza kuijaribu siku 60 bila kulipa. Baada ya hapo ngoma zako za kompyuta zitaongeza kasi mzee anapoongeza na kupoa anapopoa. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo itakayoitofautisha remiksi yako na maelfu ya nyingine.

Upande wa sauti ni vivyo hivyo. Kinanda cha kompyuta kimegawa oktavu katika hatua 12 zinazolingana, kila moja senti 100. Nanga haikufungwa kwa kipimo hicho. Jirani zetu Baganda, kwa mfano, wameonekana katika vipimo vya wataalamu kutumia sauti tano zinazokaribia kugawa oktavu sawasawa, yaani kama senti 240 kila hatua. Nafasi hiyo huipati kwenye vitufe vya piano. Ukiweka kodi za kinanda juu ya nanga zitagombana, na shabiki atadhani mzee ndiye anayekosea. Basi pima kwanza kila uzi kwa programu ya kufunga ala, andika senti zake, kisha ushushe au upandishe sauti za kinanda zikutane na nyuzi. Surge, kinanda cha kompyuta cha bure, hukubali mfumo wa sauti unaoutunga mwenyewe.

Na tafadhali, ototyuni iwekeni mbali na utendi. Kihaya ni lugha ya toni. Programu ikivuta silabi kwenda kwenye noti iliyo karibu, inaweza kugusa maana yenyewe, na bibi aliyeko Kamachumu akabaki anauliza kinachoimbwa ni nini.

Wengi mmeniuliza kuhusu programu za kutenganisha sauti, kama Spleeter ambayo Deezer waliitoa bure mwaka 2019. Zinasaidia sana kwa kaseti za zamani za kwaya ambazo rekodi mama zake zimepotea. Ila ziangalieni zinavyopanga vitu. Kwa kawaida hugawa wimbo katika mafungu manne: uimbaji, besi, ngoma, na mengineyo. Nanga huangukia kwenye "mengineyo", pamoja na sauti ya upepo na kikohozi cha mtu wa nyuma. Makofi hugawanyika nusu huku, nusu kule, na vigelegele hung'ang'ania uimbaji. Programu hizi zimefunzwa kwa muziki wa watu wengine. Mwenye nafasi ya kurekodi upya, arekodi upya, kila ala na maikrofoni yake.

Kurekodi huku kwetu kuna adui mmoja ambaye vitabu vya studio havimtaji: bati. Bukoba ni kati ya miji yenye mvua nyingi kuliko yote Tanzania, na mvua ikianza juu ya bati hakuna kichujio kitakachokuokoa. Msonge wa nyasi, kwa wachache walio nao, ni studio nzuri kuliko chumba cha sementi: paa la nyasi na nyasi zilizotandikwa chini hunyonya mwangwi. Asiye na msonge atundike magodoro. Umeme nao ndio huo mnaoujua; asiye na betri ya akiba ana imani kubwa kuliko ya mchungaji.

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48. Saa moja ya stereo itakula takribani gigabaiti moja, na flashi za siku hizi zinalimudu hilo. MP3 ni ya kugawa tu, na msihifadhi rekodi mama kwenye WhatsApp, kwa sababu inaweza kuibana sauti na kilichobanwa hakirudi.

Limebaki suala la ridhaa, ambalo maprodyuza hulipitia juu juu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, inamtambua aliyeimba, na inamtambua mwenye rekodi. Hawa wanaweza kuwa watu watatu tofauti. Inazitambua pia sanaa za jadi, kwa hiyo usijidanganye kwamba utendi wa mababu hauna mwenyewe. Mzee aliyekupigia nanga leo ni mtumbuizaji mwenye haki zake hata kama utendi wa Rukiza hakuutunga yeye. Andikianeni karatasi moja, kwa Kiswahili au Kihaya anachokisoma: jina la kazi, tarehe, nani kapiga, nani karekodi, ruhusa ni ya remiksi ngapi, na fedha zikipatikana zitagawanywa vipi. Msomeeni kwa sauti mbele ya mwanawe au jirani kabla hajasaini. Walimu wa kwaya, hili linawahusu zaidi, kwa kuwa wimbo wa kwaya mara nyingi una mtunzi mmoja na waimbaji arobaini, na mtunzi huyo huenda alishahamia usharika mwingine.

Mchana tutafanya kwa vitendo. Kila kundi litapewa rekodi moja ya nanga. Kabla ya yote mtatengeneza nakala, na rekodi mama itabaki kwenye flashi yake bila kuguswa. Saa nzima ya kwanza ni ya kugonga mapigo na kupima nyuzi, na mzee aliyepiga nanga hiyo atakaa nanyi mezani. Biti itaingia pale atakapokubali kwamba mwendo ni wake.