Mtu wa Jumatatu



Nilipopata barua ya kamati ikinitaka niseme maneno machache baada ya ibada hii, juu ya namna Mkristo anavyoweza kukaa karibu na Mungu katika maisha yake ya kila siku, niliandika jibu la kukataa. Mimi si mchungaji. Ni mtumishi wa Serikali, kazi yangu ni majalada na madokezo, na wamo humu wenzangu wawili watatu waliosomea theolojia ambao wangeifanya kazi hii vizuri zaidi. Lakini katibu wa kamati, ambaye kwa miaka miwili alilala kitanda cha juu nami nikalala cha chini, alinijibu kwamba wachungaji wanasikika kila Jumapili. Safari hii walitaka mtu wa Jumatatu. Basi nimekuja kama mtu wa Jumatatu, na nitasema ya Jumatatu.

Mnakumbuka ile rimu ya lori iliyokuwa ikining'inia mwembeni. Saa kumi na moja na nusu kiranja wa zamu anaigonga, tunatoka mchakamchaka, tunaoga maji ya baridi, na sisi wa UKWATA tunaingia kanisani kwa sala fupi kabla ya uji. Shule yetu, kama shule nyingi za misheni, ilikwisha kuwa ya Serikali baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, lakini kanisa lilibaki na desturi ilibaki. Wala tusijisifu mno kwa kuamka huko. Katika bweni letu wenzetu Waislamu walikuwa wamekwisha kutawadha na kusali alfajiri, wakakunja mikeka yao, wakati sisi bado tunagombania nani aamke kwanza. Hata hivyo tulikuwa tunasali asubuhi na jioni, nami nilitoka hapa nikiamini kwamba nimemjua Mungu vizuri.

Nilikuja kutambua Chuo Kikuu kwamba sehemu kubwa ya sala zangu zilikuwa za ile rimu. Pale hapakuwa na wa kugonga. Mwaka wa kwanza nilisali kwa mazoea, mwaka wa pili kwa kukumbuka, na mwaka wa tatu wakati wa mitihani. Sikuiacha imani, la hasha. Nilikwenda kanisani, nikaimba kwaya, nikafunga ndoa madhabahuni, na nilipoajiriwa na kuhamia mjini nikachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Mtu angeniona angesema huyu yuko karibu sana na Mungu, maana nilikuwa nakaa kiti cha mbele.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ninyi mlio katika utumishi mtalielewa upesi; vijana nitawaeleza. Mtumishi akitumwa kikazi nje ya kituo chake hupewa fedha za kujikimu kwa kila siku atakayolala huko. Anachukua masurufu, anasafiri, na akirudi anafanya marejesho, yaani anaonyesha fedha zilivyotumika. Mwaka 2013 nilitumwa na wenzangu watatu, pamoja na dereva, kwa kazi ya siku kumi. Tuliimaliza kwa siku sita. Jioni ya siku ya sita mmoja wetu akasema tukirudi mapema tutawatia wenzetu wa bajeti katika matatizo. Tukacheka. Tukarudi kimya kimya, kila mtu akakaa nyumbani kwake siku nne, na katika marejesho tukaandika siku kumi. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa msafara, kwa hiyo mimi ndiye niliyesaini kwanza. Dereva aliuliza asaini wapi, nami nikamwonyesha kwa kidole.

Sikupata homa wala ndoto mbaya. Ndugu zangu, hilo ndilo ninalotaka mlisikie. Nilitazamia kwamba nikitenda dhambi nitajisikia vibaya, lakini nilijisikia kawaida tu. Kilichobadilika kilikuwa kidogo sana hata ilinichukua miaka kukitambua. Asubuhi nilizoea kukaa dakika chache kwa utulivu kabla watoto hawajaamka. Sasa nikawa nasali huku navaa viatu. Kisha nikawa nasali garini, redio ikisema. Mbele za watu sala zangu zikawa ndefu kuliko zamani, na nikiwa peke yangu zikawa fupi. Siku nne za mwaka ule zikawa na wenziwe mwaka uliofuata, na mwingine.

Mwaka 2018, Jumapili moja baada ya ibada, tulikuwa wazee watatu tunahesabu sadaka. Hesabu ya kwanza na ya pili zikapishana kwa shilingi mia mbili. Mwenzetu akasema tuache, ni sarafu moja tu. Mimi nikakataa. Nikasema fedha ya Bwana haipotei, nikapiga magoti sakafuni, nikainua mkeka, nikahamisha kabati. Nikaipata chini ya mguu wa meza. Nilipokuwa bado nimeinama pale, sarafu mkononi, nikakumbuka kwamba kesho yake, Jumatatu, lilikuwa linaningoja mezani dokezo la marejesho ya safari nyingine ya namna ile ile, halijasainiwa. Nikabaki nimeinama mpaka wenzangu wakauliza kama nimeumia mgongo.

Jioni ile nilichukua shajara zangu za kazi nikahesabu. Zilikuwa siku ishirini na tatu, na jumla yake ilikaribia mishahara yangu miwili. Nilimwonyesha mke wangu karatasi. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Baba nanihii, ada ya shule ya mwezi wa kwanza tutaitoa wapi?" Hakusema nisirudishe. Aliuliza swali la haki.

Nilimkumbuka bibi yangu. Yeye alikuwa mtu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kuvuka ukaingia upande wetu wa Kagera. Watu wale walikuwa na tabia moja iliyowaudhi majirani: wakitubu, walirudisha. Bibi alitusimulia jinsi alivyobeba jembe kichwani mwendo wa nusu siku kulipeleka kwa mwenyewe, ambaye alikuwa amekwisha kulisahau. Tulikuwa tunamcheka. Tulidhani ni ushamba.

Basi nikaandika barua kwa mkuu wangu wa kazi. Kurudisha fedha Serikalini, vijana, si rahisi kama kuichukua. Mhasibu aliniuliza fedha hizi ni mapato ya namna gani, maana ili nipewe namba ya kumbukumbu ya kulipia lazima aandike sababu. Nikamwambia aandike marejesho ya posho isiyostahili. Akaweka kalamu chini akaniangalia kama mtu anayetaka kuita daktari. Nililipa kwa awamu, miezi kumi na mmoja. Zakayo alirudisha mara nne. Mimi nilirudisha mara moja, tena kidogo kidogo. Nilipewa barua ya onyo, na ilikuwa halali yangu. Mwezi ule wa kwanza ada ililipwa kwa kuuza pikipiki.

Lakini lililonisumbua zaidi halikuwa fedha. Niliandika ya kwangu tu, sikumtaja mtu. Hata hivyo orodha za malipo zina majina ya wote, na kila mmoja ofisini alijua. Yule dereva alinifuata kwenye maegesho akaniambia, "Mzee, wewe umetubu na moyo wako umepumzika. Mimi nilisaini kwa sababu ulinionyesha pa kusaini. Sasa mimi nitatubu kwa mshahara gani?" Sikuwa na jibu. Siku zake nilizilipa pamoja na zangu, kwa kuwa niliona deni lile lilikuwa langu, naye alipokea habari hiyo bila kunishukuru, na sioni kwa nini angenishukuru. Mmoja wa wale watatu hatusalimiani mpaka leo. Nimemwendea mara mbili. Sijui kama nitakwenda mara ya tatu, pengine nitakwenda.

Katika miezi ile nilisoma kitabu cha Nehemia kama mtu anayesoma waraka wa utumishi. Tumezoea kuhubiriwa ukuta wa Yerusalemu tu. Lakini tazameni sura ya tano. Nehemia alikuwa liwali kwa miaka kumi na miwili, na kwa miaka yote hiyo yeye na ndugu zake hawakula chakula cha liwali, yaani posho yake halali kabisa, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Maliwali waliomtangulia walichukua mkate na divai, na juu yake shekeli arobaini za fedha. Yeye aliacha hata haki yake, nami nilikuwa nimechukua isiyo haki yangu. Kisha rudini sura ya pili. Mfalme Artashasta anamwuliza anataka nini, na Nehemia, akiwa na hofu, anamwomba Mungu wa mbinguni, halafu ndipo anamjibu mfalme. Hebu fikirini: mfalme amekaa anangoja jibu. Sala ile haikuweza kuzidi pumzi moja. Hakupiga magoti, hakufumba macho, na hakuna aliyejua.

Hiyo ndiyo sala niliyojifunza upya, ya kati ya swali na jibu. Likiletwa jalada mezani naweka kalamu chini kwanza. Mtu akiingia na sauti ya kunong'ona, kabla sijamwambia karibu nimekwisha kusema na Mungu maneno mawili. Si kila siku nakumbuka. Zipo siku nafika jioni nikagundua kwamba tangu asubuhi sikumkumbuka Mungu hata mara moja, nikiwa nimeshinda katika vikao na simu. Vijana, ninyi simu hiyo itawala kuliko ilivyotula sisi.

Mtu mwingine aliyenisaidia ni Ndugu Lawrence, Mfaransa, aliyekuwa askari akaumia mguu, kisha akaingia utawa wa Wakarmeli huko Paris mwaka 1640. Hakuwa padri. Walimpeleka jikoni, kazi ambayo kwa tabia yake hakuipenda, akapika miaka mingi, na baadaye akawekwa kutengeneza viatu. Alifariki mwaka 1691, na barua na mazungumzo yake yakakusanywa baada ya hapo. Yeye alisema na Mungu jikoni sawasawa na kanisani. Walimtuma hata kununua divai mbali, yeye kiwete asiyejua biashara, naye akamwambia Mungu kwamba safari ile ni kazi Yake. Nilipoyasoma hayo nilifikiri juu ya msafara wangu wa mwaka 2013. Kama ningemwambia Mungu safari ile ni kazi Yake, ningewezaje kumwandikia siku kumi?

Najua wapo watakaosema mtu mwenye madaraka hana nafasi ya mambo hayo. Mwalimu Nyerere alikuwa Rais, na ilijulikana wazi kwamba alikuwa na desturi ya kwenda misa karibu kila siku. Sidhani majalada yangu ni mengi kuliko yake.

Mwaka jana nilitumwa tena, siku saba. Kazi ikaisha siku ya tano saa nane mchana. Dereva alikuwa yule yule. Tulipakia mizigo, akawasha gari, akakaa bila kuondoa mguu kwenye breki. Akauliza, "Mzee, tunaandika ngapi?" Nikamwambia tano. Akasema, "Haya," akaingiza gia. Tuliongea habari za watoto wetu njia nzima mpaka tukafika.

Naona kiranja amekwisha kusimama karibu na rimu.